Kati ya Kengele Mbili

Mimi si msomi. Ni msomaji tu,
tena wa kudokoa, kama ndege kwenye ungo wa mchele:
kurasa tatu gari la kamba likipanda kilima,
nne likishuka, mvua ikiwafukuza abiria.
Miaka kumi na tisa nakata tiketi huku chini,
Eleuterio yuko juu na mtambo wake,
na vitabu vyetu husafiri bure kati yetu,
chini ya kiti, vimefungwa gazeti la Jumapili.
Akimaliza huandika neno moja ndani ya jalada, kwa penseli.
"Kitamu." "Uongo."
Safari moja aliandika "Mbuzi". Hajanieleza mpaka leo.

Haya, mkiniuliza mimi:
riwaya za upelelezi nazila kama mkate wa asubuhi,
nashiba, nasahau. Ukurasa wa tano, maiti.
Ukurasa wa mia mbili, kumbe ni shemeji.
Sijaona hata moja inayosema
nani alilifua lile zulia.
Mama alifua mazulia ya watu miaka thelathini;
yeye angemjua muuaji kwa doa tu,
polisi bado wanavaa viatu.

Za kutisha? Niacheni.
Nyumba inayogumia usiku, vikombe vinavyotembea kabatini,
taa inayobembea bila upepo:
hiyo kwetu ni Jumanne. Ardhi imejigeuza ubavu,
tunashika mlango, tunahesabu watoto, tunarudi kulala.
Mwandishi huyo aje akae Valparaíso mwezi mmoja,
ataishia kuandika mapishi.

Ile ya kihistoria, kurasa mia saba na kumi,
wafalme wanne jina moja,
niliiachia njiani, kwenye harusi ya mtu nisiyemkumbuka.
Sasa inazuia dirisha la kibanda lisigongegonge.
Sisemi ni mbaya. Dirisha limetulia.

Za mapenzi nilikuwa nazicheka.
Bi Nolfa, muuza vitabu vikuukuu,
hunitilia kwenye mfuko mweusi, kama dawa ya ugonjwa wa aibu.
Wanaume wa humo wana mabega, hawana bili ya gesi.
Wanawake hulia bila kamasi.
Lakini ipo moja, jalada limeng'oka, jina silijui,
ambamo mume na mke wananuniana sura nzima
kwa ajili ya mlango wa jikoni usiofunga,
hadi usiku mume anaamka, anaurekebisha
polepole, asimwamshe.
Hakuna busu. Niliisoma mara mbili.
Wangu mimi angetumia nyundo.

Za anga za juu ndizo nilizokataa katakata.
Majina kama dawa za kikohozi,
nahodha miaka arobaini safarini, haendi msalani.
Eleuterio akaniteremshia moja Julai iliyopita, mvua haina huruma.
Neno lake: "Vumilia."
Nikavumilia. Ukurasa wa themanini na sita
mtu yuko mbali mno na dunia,
sauti ya binti yake humfikia baada ya miaka saba:
"Baba, nimeng'oka jino."
Anajua jino jingine limeota zamani.
Hata hivyo anajibu: "Hebu nionyeshe."

Kengele ikalia. Ikalia tena.
Mwanafunzi aliyelowa akanigongea kioo.
Mwanangu yuko Antofagasta, migodini;
hupiga simu Jumapili,
akanisimulia ya Jumatano.
Gari lilichelewa dakika nne.
Kwenye daftari niliandika: Mvua.

Machi hii Eleuterio amestaafu.
Kijana aliyeshika nafasi yake ni mpole, anasoma simu.
Kitabu cha mwisho kilishuka chini ya kiti, ndani ya gazeti,
na kwenye jalada hamna neno.
Sijui hata ni cha aina gani. Hakuna maiti, hakuna mabega,
mtu anapalilia vitunguu, kurasa tisini sasa.
Labda kinachosha. Labda mimi ndiye niliyechoka.
Nasoma ukurasa mmoja kwa siku, sina haraka nacho.

Penseli ninayo.